Siku tatu kabla ya kipimo cha utumbo: chakula, maji, mwendo na ukweli



Mzee mmoja wa kanisa, kutoka upande wa Kabambare, alitumwa na daktari aende mji wa mbali kufanyiwa kipimo cha utumbo. Kwa miezi mingi alikuwa anaona damu katika choo, na mwili ulikuwa umepungua. Jamaa waliuza mbuzi wawili, sisi waamini tukaongeza toleo, akapanda pikipiki hadi Kasongo, kisha akaenda Kindu, kisha akapanda ndege. Hospitali ilimpa karatasi ya Kifaransa. Iliandikwa kwamba siku tatu kabla ya kipimo ale chakula kisicho na mabaki. Kijana wa nyumba iliyomkaribisha akamtafsiria: “Baba, wanasema usile chakula kilicholala.” Basi wenyeji wale, kwa upendo wote, wakampikia kila siku sombe mpya na maharagi mapya.

Siku ya kipimo daktari aliingiza mashine, akaona majani na maganda ya maharagi tu. Mzee aliambiwa arudi baada ya wiki moja. Pesa ya kukaa wiki ile haikuwepo. Alirudi nyumbani bila jibu, tukachanga tena, na ikapita miezi minne mpaka akaenda mara ya pili. Safari hiyo utumbo ulikuwa safi, na daktari akaona uvimbe ambao ulipaswa kupasuliwa.

Tulipokaa kutafuta kosa ni la nani, hatukumpata mkosaji. Aliyeandika karatasi aliandika sawasawa, aliyetafsiri alitafsiri kwa moyo mwema, aliyepika alipika kwa upendo. Kilichokosekana ni maelezo. Ndiyo sababu tunaandika makala hii, baada ya kuwauliza madaktari na wauguzi walio waamini wenzetu. Tunajua mambo ya choo hayasemwi kanisani. Lakini Bwana Yesu mwenyewe, katika Marko 7, alitaja wazi njia ya chakula toka kinywani mpaka chooni, na sheria ya Musa, katika Kumbukumbu la Torati 23, ilifundisha kambi nzima namna ya kwenda haja. Tusione haya kuliko Maandiko.

Kipimo hiki ni nini?

Jina lake ni kolonoskopi. Daktari hupitisha kwa njia ya haja kubwa mpira mrefu unaopinda, mnene kiasi cha kidole, wenye taa na kamera ndogo kwenye ncha. Kwa mpira huo anaangalia utumbo mpana, ambao kwa mtu mzima una urefu wa karibu mita moja na nusu. Kazi hii ilianza kuenea duniani tangu mwaka 1969, pale madaktari William Wolff na Hiromi Shinya, huko New York, walipoonyesha kwamba inawezekana kuona utumbo mpana wote na hata kukata vinyama vilivyoota ndani bila kupasua tumbo. Vinyama hivyo ndivyo vinavyoweza kugeuka kansa baada ya miaka. Kwa hiyo kipimo hiki kinaonyesha ugonjwa, na mara nyingine kinauzuia papo hapo.

Si kila mwenye tumbo analihitaji. Kwetu damu katika choo mara nyingi inatokana na amiba, bilharzia au bawasiri, na kituo cha afya kinaweza kupima choo na kutoa dawa. Anzeni hapo. Kasongo yenyewe ilijulikana kwa waganga wa dunia katika miaka ya 1970 kwa sababu ya mradi wa afya uliofanywa pamoja na wataalamu wa Antwerp, Ubelgiji, na somo lake kubwa lilikuwa kwamba mlango wa kwanza wa mgonjwa ni kituo cha afya kilicho karibu naye. Lakini damu ikiendelea, choo kikibadilika kwa wiki nyingi, mwili ukipungua au damu ya mwili ikipungua bila sababu, daktari anaweza kuandika barua ya kumtuma mgonjwa mbali. Kuanzia siku ile, matayarisho yanaanza.

Kwa nini usafi ni lazima? Kamera haiwezi kuona kupitia uchafu. Kinyama cha milimita chache kinafichwa na jani moja. Tena ndani ya mpira mna tundu dogo la kunyonyea maji, lenye upana wa milimita tatu au nne tu, na mbegu ya pera inatosha kuliziba. Madaktari huugawa utumbo mpana katika sehemu tatu, na kila sehemu huipa alama toka 0 hadi 3. Sehemu moja tu ikikosa alama 2, kipimo hakitegemewi. Katika nchi zenye hospitali nyingi pia, karibu mgonjwa mmoja kati ya wanne au watano anafika bila kuwa safi vya kutosha. Si aibu ya watu wetu peke yao. Ila kwao kurudia kipimo ni kupanda basi wiki ijayo, na kwetu ni kuuza mbuzi tena.

Mboga zetu ni baraka, lakini si siku zile

Hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu wamesikia kwamba mboga ni nzuri kwa tumbo. Wamesikia kweli. Aliyeifundisha dunia jambo hilo alikuwa Mkristo aliyefanya kazi jirani na sisi: Denis Burkitt, daktari mpasuaji mzaliwa wa Ireland, aliyefika Uganda mwaka 1946 na kutumika miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala. Alikuwa na jicho moja tu, jingine alilipoteza utotoni. Aliandikiana na hospitali nyingi za misheni katika Afrika, akiwauliza wanaona magonjwa gani. Aliona kwamba kansa ya utumbo mpana, iliyokuwa nyingi Ulaya, ilikuwa haba kwa wanavijiji wa Afrika. Yeye na wenzake walipima pia muda chakula kinaochukua kupita mwilini: kwa wanavijiji wa Uganda karibu siku moja na nusu, kwa Waingereza aliowapima zaidi ya siku tatu. Mwaka 1971 aliandika kwamba nyuzinyuzi za mboga, maharagi na nafaka zisizokobolewa ndizo zinazosaidia. Wataalamu wa leo wanaongeza sababu nyingine, lakini somo lake juu ya nyuzinyuzi linasimama.

Basi mwaka mzima kuleni sombe, lenga-lenga na maharagi, na kumshukuru Mungu. Lakini nguvu ya nyuzinyuzi ni kwamba tumbo haliziyeyushi, zinapita zikiwa nzima. Hiyo ndiyo faida yake siku zote, na hiyo ndiyo hasara yake siku ya kipimo. Ndiyo maana ya “chakula kisicho na mabaki”: ni chakula ambacho hakiachi takataka ndani ya utumbo. Maneno hayo hayahusu chakula kilichobaki kwenye sufuria.

Siku tatu kabla ya kipimo, au kama hospitali ilivyosema, mgonjwa aache sombe na majani yote, maharagi, mahindi, karanga, uyoga, na matunda yenye mbegu ndogo kama mapera, marakuja na nyanya. Aache pia samaki wadogo wanaoliwa pamoja na mifupa.

Atakula nini? Wali mweupe. Ndugu wa Kasongo, mchele ni chakula cha kwetu tangu siku za biashara ya watu wa pwani, na kwa kazi hii ni chakula kizuri kuliko vingi. Wali mweupe pamoja na yai, au samaki aliyetolewa mifupa, au kuku bila ngozi, au viazi vilivyomenywa, au mkate mweupe. Ale kiasi, wala asijaze tumbo. Siku moja kabla ya kipimo, hospitali nyingi hutaka mgonjwa aache chakula kigumu na kunywa vitu vinavyoona tu: maji, supu iliyochujwa, chai bila maziwa, maji ya sukari. Soda nyekundu aache, kwa maana rangi yake inaweza kumdanganya daktari afikiri ni damu.

Huu si mfungo

Waamini wengine, wakisikia kuacha kula, wanafanya kama wamefunga kwa maombi: hawali wala hawanywi. Wanadhani tumbo likikaa na njaa litajisafisha lenyewe. Sivyo. Njaa haisafishi utumbo. Utumbo unasafishwa na maji mengi pamoja na dawa ya kuharisha, na bila maji dawa ile haifanyi kazi na inaweza kumuumiza mtu. Mwenye kutaka kufunga kwa ajili ya kipimo, afunge jamaa au kikundi cha maombi. Mgonjwa mwenyewe anywe.

Kuna wanaojisafisha kwa njia nyingine: wanaingiza dawa ya miti kwa nyuma, kwa mpira wa kusukumia maji. Njia hiyo inafika mwisho wa utumbo tu, na dawa nyingine za miti huunguza ngozi ya ndani, hata daktari akaona vidonda ambavyo havikuwa vya ugonjwa. Tunawaomba wazazi wetu waiache, hasa wiki ile.

Safari na mwendo

Mkulima wa kwetu hutembea kila siku, na tumbo lake linafanya kazi. Lakini angalieni safari. Mtu anakaa juu ya pikipiki kutwa nzima. Hanywi maji ili asimsumbue dereva. Anazuia haja kwa sababu njiani hakuna choo au kuna hofu. Anakula mahindi ya kuchoma na karanga, ndivyo vinavyouzwa kando ya barabara. Akifika mjini, choo chake ni kigumu na siku tatu hajaenda haja. Kufunga choo ni mojawapo ya sababu kubwa zinazofanya dawa ishindwe.

Kwa hiyo mgonjwa asifike jana yake. Akifika siku nne au tano kabla, ana muda wa kunywa maji, kutembea asubuhi na jioni, na kurudisha tumbo katika hali yake. Kama kufunga choo ni shida yake ya siku zote, amwambie daktari mapema, maana atahitaji matayarisho marefu zaidi. Na siku ya kunywa dawa asilale kitandani. Imeonekana kwamba mgonjwa anayetembea kati ya kikombe na kikombe husafika vizuri kuliko anayelala. Azunguke uani, karibu na choo.

Kusema ukweli kwa daktari

Kuna mambo ambayo mgonjwa humficha daktari kwa sababu amezoea kutuficha sisi wachungaji. Imeonekana mara nyingi kwamba wavutaji wa tumbaku na wanywaji wa pombe wanachelewa kusafika, na mwenye kunywa sana anaweza kupata shida na dawa ya usingizi. Mwenye kisukari tumbo lake huenda polepole, na kama atameza dawa zake kama kawaida huku hali chakula, sukari inaweza kushuka hata akazimia. Anayetumia vidonge vya maumivu kama tramadoli, vile vinavyouzwa hata sokoni, utumbo wake hulala. Na vidonge vya chuma, ambavyo hupewa mwenye upungufu wa damu, hufanya choo kiwe cheusi na cha kunata. Mara nyingi daktari huamuru viachwe siku tano hadi saba kabla. Dawa za kuzuia damu kuganda pia lazima zitajwe. Mgonjwa asiache dawa yoyote kwa akili yake, bali aulize.

Tunasema kwa wazi kwa wazee wa kanisa: jambo ambalo mgonjwa amelisema mbele ya daktari ni la daktari. Lisiletwe katika baraza la kanisa. Ndugu akijua kwamba kusema “mimi huvuta ugolo” au “mimi hunywa lutuku” kutamwondoa kwenye ushemasi, atanyamaza, na kunyamaza kwake kunaweza kumharibia kipimo. Wakati wa kuonya upo, lakini si wakati huo.

Kunywa dawa yote

Mnakumbuka Naamani, jemadari wa Shamu, katika 2 Wafalme 5. Aliambiwa ajichovye Yordani mara saba. Alikasirika, kwa kuwa jambo lilikuwa dogo na mto ulikuwa wa kudharauliwa. Watumishi wake ndio waliomsihi kwa upole. Alipona baada ya mara ya saba. Maandiko hayasemi kwamba mara ya tatu alipona nusu.

Dawa ya kusafisha utumbo ni ya namna hiyo. Huwa ni unga unaochanganywa na maji, mara nyingine lita mbili, mara nyingine lita nne. Ladha yake inachukiza. Wengi hunywa nusu, wakiona wameharisha mara tatu wanasema yatosha. Haitoshi. Choo kinapaswa kuwa maji ya manjano yanayoona, kama mkojo, bila vipande.

Hospitali nyingi siku hizi huigawa dawa mara mbili: nusu jioni, nusu alfajiri ya siku ya kipimo, na kumaliza angalau saa mbili kabla. Msiruke ile ya alfajiri. Usiku, maji ya nyongo na mabaki hushuka kutoka utumbo mwembamba na kunata upande wa kuume wa utumbo mpana. Dawa ya alfajiri ndiyo inayoosha upande huo.

Changanyeni dawa na maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa maana hatutaki kumwongezea mgonjwa kipindupindu. Anywe kikombe kimoja kila dakika kumi au kumi na tano. Kichefuchefu kikija, apumzike nusu saa, kisha aendelee. Lakini akitapika bila kuacha, au akizimia, apelekwe hospitali. Na kama tumbo limevimba, hatoi choo wala hewa, naye anatapika, asiinywe dawa hiyo kamwe mpaka daktari amwone, maana utumbo unaweza kuwa umeziba. Wazee sana na wenye ugonjwa wa figo au moyo wachaguliwe dawa na daktari, wasinunue wenyewe.

Kazi ya kanisa

Naamani alikuwa na watumishi. Mgonjwa wetu ana sisi. Tunapendekeza mambo manne kwa kila kanisa.

Kwanza, tunapochanga, tuhesabu pia siku nne au tano za kukaa mjini kabla ya kipimo, si nauli na bei ya hospitali tu.

Pili, karatasi ya hospitali isomwe na mtu anayejua Kifaransa vizuri, na ikiwezekana muuguzi wa kituo cha afya, kisha iandikwe kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, ikitaja vyakula kwa majina: sombe hapana, wali ndiyo.

Tatu, tuwapigie simu wenyeji watakaompokea. Mgeni kupikiwa vizuri ni heshima yetu, na mama mwenye nyumba ataona haya kumpa mgeni wali mtupu na yai. Aambiwe mapema kwamba wiki hii heshima ndiyo hiyo. Aulizwe pia kama choo kiko karibu na kama kuna taa ya usiku.

Nne, mgonjwa asiende peke yake. Awepo mtu wa kumhesabia vikombe, kutembea naye uani, na kumwamsha alfajiri.

Yule mzee tuliyeanza naye alipasuliwa, na leo anakaa tena kati yetu siku ya Bwana. Hatujui kama miezi minne ile ilimwongezea ugonjwa, na hatutajua. Alipoenda mara ya pili, binti yake alikwenda naye, akiwa na karatasi moja ya Kiswahili ambayo muuguzi wetu aliiandika kwa mkono. Binti huyo anasema mgonjwa alikasirika kwenye kikombe cha nne na kukataa, naye akamwambia: “Baba, ni Yordani, bado mara tatu.” Akacheka, akanywa.

Mungu awape afya ninyi nyote, na awape wagonjwa wetu watu wa kuwasindikiza. Amina.